Ni Nani Huyu Bwana Williams?

Mwaka 1891 gazeti moja la Kikatoliki la Brussels, Journal de Bruxelles, liliwauliza wasomaji wake swali: kwanza kabisa, huyu Bwana Williams ni nani? Kisha likajibu lenyewe kwamba mtu huyo si kanali wa jeshi la Marekani kama anavyojiita. Lakini jambo lililokuwa mbele ya watu siku zile halikuwa cheo cha mtu. Lilikuwa barua iliyosema kwamba serikali ya Mfalme Leopold II katika Kongo inanunua watu na kuwauza. Basi watu waliuliza juu ya bei ya binadamu, wakajibiwa juu ya cheo cha mwandishi.

Swali la namna hiyo twalijua sana hata sisi wa Vitshumbi. Mtu akileta habari kwamba kijana fulani amechukuliwa porini, au kwamba binti fulani aliyeahidiwa kazi mbali hasikiki tena, wengi huanza kwa kuuliza: Anayesema ni nani? Ni wa kabila gani? Anasali wapi? Nyumbani kwake kukoje? Maswali juu ya mahali, siku na mashahidi huja mwisho, au hayaji kabisa. Kwa hiyo twaona yafaa kuichunguza barua ile, pamoja na maisha ya mwandishi wake, tupate kujua namna ya kupima maneno ya mtu anayepaza sauti juu ya biashara ya watu.

George Washington Williams alizaliwa mwaka 1849 huko Bedford Springs, katika jimbo la Pennsylvania, Marekani. Alikuwa mtu mweusi. Alipokuwa na miaka 14 tu alijiunga na jeshi la Kaskazini katika vita iliyokomesha utumwa nchini mwake. Baadaye alisoma theolojia katika chuo cha Wabaptisti cha Newton, karibu na Boston, akamaliza mwaka 1874 na kuwa mchungaji. Mwaka 1875 alianzisha gazeti lake mjini Washington, liitwalo The Commoner, lakini halikufika mbali. Akaenda Cincinnati, akaandika katika magazeti ya huko, akasoma sheria, na mwaka 1879 akachaguliwa kuingia Bunge la jimbo la Ohio. Hakuna mtu mweusi aliyepata kiti hicho kabla yake. Tena alitunga historia ndefu ya watu weusi wa Marekani, juzuu mbili nzima, iliyotoka miaka ya 1882 na 1883, na wataalamu wanaiheshimu hata leo.

Hayo ni mema yake. Ila zake nazo hazikufichika. Hakutulia katika kazi moja. Alikuwa na madeni. Alimwacha mke wake na mtoto wake, na mwisho wa maisha yake alikuwa amechumbia mwanamke mwingine huko Uingereza. Alijiita kanali, na cheo hicho hatukioni katika kumbukumbu za jeshi. Sisi Wakatoliki hatuwezi kuyasifu mambo hayo, wala hatutayapaka chokaa. Tuyaweke pembeni kwanza, tutayarudia.

Mwaka 1889 Bwana Williams alifika Brussels kama mwandishi wa magazeti, akapata kuongea na Mfalme Leopold uso kwa uso. Alimpenda. Alimwona mfalme mwenye huruma, anayetaka kumtendea mema Mwafrika kwa ajili ya imani yake. Mwandishi akayapeleka maneno hayo magazetini. Katika barua yake ya baadaye asema mwenyewe kwamba hapo kwanza alikuwa akiisifu nchi ya Kongo kama tumaini jipya la Afrika.

Tena mwaka huo huo alipatana na kampuni moja ya Kibelgiji awatafute mafundi weusi wa Marekani waje kufanya kazi Kongo. Akaenda kwenye chuo cha Hampton, katika jimbo la Virginia, kuwaeleza vijana habari ya kazi hiyo. Vijana wale hawakupokea maneno matupu. Walimwuliza maswali mengi juu ya Kongo, naye hakuweza kuyajibu, maana nchi yenyewe hakuwa ameiona.

Hapo, wasomaji wapenzi, ndipo tuonapo mlango wa kazi yake yote. Bwana Williams alikuwa amekuwa wakala wa kutafuta watu. Mkononi alikuwa na ahadi za kampuni, na mbele yake walikuwa vijana wenye nguvu na shida ya kazi. Mawakala wangapi, wakifika hapo, hutunga majibu? Husema nchi ni nzuri, chakula ni kingi, mshahara hauchelewi, nao wenyewe hawajakanyaga huko. Yeye aliacha kuandikisha watu, akaamua kwenda kuona kwanza. Mfalme na watu wake walimshauri aahirishe safari kwa miaka mitano, wakimwambia kwamba yote anayotaka kujua yamo vitabuni. Hakukubali. Januari 1890 alipanda meli huko Liverpool akaja Kongo. Wahenga wasema kusikia si kama kuona, na mtu huyu alitumia miezi akiupanda mto Kongo ili aone.

Alifika mpaka Stanley Falls, mahali paitwapo leo Kisangani, na hapo akaandika barua yake kwa Mfalme. Tarehe yake ni 18 Julai 1890. Msomaji wa siku hizi anaweza kuisoma, kwa kuwa imechapwa tena mwishoni mwa kitabu alichokitoa John Hope Franklin mwaka 1985 juu ya maisha ya Williams.

Tuitazame sasa barua yenyewe. Yaanza kwa heshima zote zimpasazo mfalme. Kisha mwandishi aeleza jinsi alivyokuja na matumaini, na jinsi matumaini yalivyovunjika. Halafu, mfano wa mwanasheria barazani, aleta mashtaka kwa hesabu, la kwanza, la pili, la tatu, mpaka 12. Mwisho aziomba serikali zilizompa Mfalme nchi hii katika mkutano wa Berlin wa mwaka 1885 zitume tume ya mataifa ije kuchunguza.

Fadhili ya kwanza ya barua hii ni mpango huo. Kila shtaka limesimama peke yake na laweza kupimwa. Asiyeamini la tano aweza kulichunguza la tano bila kuligusa la sita. Wapo waandishi ambao, wakikasirika, humwaga maneno kama mvua ya masika, na msomaji abaki ameloa bila kujua maji yametoka wapi. Williams alikasirika pia, lakini akaipanga hasira yake.

Fadhili ya pili ni hesabu zake. Hasemi tu kwamba askari wanawaonea watu. Asema serikali imeweka vituo karibu 50, kila kimoja kina askari wawili mpaka wanane waliotolewa pwani ya mashariki, nao ni watumwa wa kukodiwa. Asema hawapewi posho. Hutazamiwa wajitafutie chakula kwa wenyeji, na zaidi ya hayo wawatafutie Wazungu walio katika vituo vikubwa. Sasa tufikiri: mwenye bunduki asiyepewa chakula atafanya nini akifika kijijini? Mwandishi hakuhitaji kuhubiri. Ameonyesha jinsi mambo yalivyopangwa, na kwa mpango huo unyang'anyi haukuweza kukosa kutokea.

Lakini shtaka lililo kubwa kuliko yote ni la kumi. Asema serikali ya Mfalme yenyewe inafanya biashara ya watumwa, ya jumla na ya rejareja. Yanunua, yauza, na yaiba. Kwa kila mtumwa mwenye nguvu afaaye kuwa askari hutolewa paundi 3, na maafisa wa vituo ndio wanaowapata watu hao na kupokea fedha hizo. Katika vituo vya juu ya mto wafanyakazi ni watumwa wa kila umri, wanaume kwa wanawake. Mahali pengine asema juu ya wanawake wanaoletwa na kukodishwa kwa ajili ya uasherati. Hayo ndiyo tuyaitayo leo usafirishaji haramu wa binadamu: mtu huchukuliwa kwa nguvu au kwa hila, huhamishwa mbali na kwao, na mwingine hula faida ya mwili wake.

Tuikumbuke na tarehe. Tangu Novemba 1889 mpaka tarehe 2 Julai 1890 wajumbe wa serikali nyingi walikuwa wamekutana Brussels katika mkutano wa kupinga biashara ya watumwa Afrika, na mwenyeji wao alikuwa Mfalme Leopold. Baada ya siku 16 tu, mtu mmoja aliyesimama kando ya mto Kongo aliandika kwamba mwenyeji wa mkutano ni mwenye biashara. Kikulacho ki nguoni mwako.

Fadhili ya tatu yatuhusu sisi wa ziwani. Katika shtaka moja aeleza habari ya maafisa wawili wa jeshi la Ubelgiji. Walikuwa juu ya meli ya moshi, wakamwona mwenyeji katika mtumbwi wake, mbali kidogo, naye hakukimbia. Wakawekeana sharti la paundi 5 kama wataweza kumpiga. Risasi tatu zikapigwa. Mtu akafa, na mtumbwi ukaenda na maji ukiwa umembeba. Mwandishi haongezi kilio. Kila mvuvi wa Vitshumbi aliyekwisha kusikia mlio wa bunduki akiwa katikati ya maji aelewa habari hiyo bila kufafanuliwa.

Tumalizie sifa kwa shtaka juu ya mikataba. Asimulia kwamba watu wa Stanley waliwapata machifu kwa hila: nyaya za umeme zilizofichwa ndani ya nguo, ili mkono wa Mzungu ukishikwa uonekane una nguvu za ajabu, na kioo cha kuwashia sigara kwa jua. Halafu machifu wakatia alama kwenye karatasi wasiyoweza kuisoma, na ardhi ikaenda. Stanley huyu ndiye aliyelipa ziwa letu jina la Edward, mwaka 1889, mwaka mmoja tu kabla ya barua. Jina limebaki. Yafaa tuijue na barua.

Sasa mhakiki wa haki hataji mema tu. Barua hii ina upungufu, na mkubwa ni huu: mara nyingi Waafrika waliomo ndani yake ni wenyeji tu, bila majina. Twamjua mfalme, twamjua Stanley, twamjua mwandishi. Mtu wa mtumbwini hatumjui. Hatujui mama yake ni nani, wala alikuwa anapeleka nini, wala kwa nani. Waliouzwa kwa paundi 3 hawasemi neno hata moja kwa vinywa vyao. Ni kweli kwamba mwandishi alikuwa mpita njia, na lugha za mtoni hazijui. Hata hivyo ni pengo. Mlinganishe na Mtakatifu Josephine Bakhita, msichana wa Darfur aliyeibwa na kuuzwa mara kadha wa kadha katika miaka ya ujana wa Williams. Bakhita alisimulia mwenyewe yaliyompata, na masimulizi yake yakatolewa kitabu mwaka 1931. Williams atuonyesha jinsi biashara inavyokwenda. Bakhita atuambia jinsi inavyouma. Twahitaji yote mawili.

Upungufu wa pili ni kwamba mashtaka yote hayana uzito mmoja. Mengine ameyaona mwenyewe, mengine ameambiwa, na msomaji hawezi kila mara kutenga haya na yale. Shahidi mwangalifu husema: hili nimeliona, hili nimelisikia kwa fulani. Adui akipata neno moja lisilothibitika, hulipeperusha kama bendera, akafunika 11 yaliyobaki.

Upungufu wa tatu ni ile ila tuliyoiweka pembeni. Mtu anayemshtaki mfalme kwa udanganyifu asijipambe kwa cheo asicho nacho. Alipojiita kanali, Williams aliwapa maadui zake fimbo, nao hawakuchelewa kuitumia. Mwaka 1891 barua ilipoenea Ulaya na Marekani, gazeti la New York Herald likatoa habari zake, na huko Ubelgiji maneno yakafika mpaka Bungeni. Maafisa wakuu wa serikali ya Kongo wakatoa taarifa ndefu ya kujitetea, na magazeti yaliyompenda Mfalme yakamshambulia mwandishi kwa cheo chake. Gazeti la La Réforme, ambalo si la Kikatoliki, lilikuwa miongoni mwa yale yaliyoyachukua mashtaka kwa uzito. Jambo hili latusikitisha, maana ilipasa gazeti la Wakristu liwe la kwanza kuuliza: Je, ni kweli kwamba watu wanauzwa?

Tufikiri pamoja juu ya swali lile, maana ndilo kiini cha maneno yetu. Katika Injili ya Yohane, sura ya tisa, twasoma habari za mtu aliyezaliwa kipofu. Bwana Yesu alipomponya, Mafarisayo walimhoji sana juu ya mtu aliyemponya: ni mwenye dhambi au siye, na ametoka wapi. Maskini yule akashikilia jambo moja alilolijua: alikuwa kipofu, na sasa anaona. Hatumlinganishi Williams na Bwana wetu, hasha! Twawalinganisha wenye kuuliza. Kuna kuuliza kwa kutaka kujua, na kuna kuuliza kwa kutaka kutokujua. Mungu aliyemwonya Balaamu kwa kinywa cha punda hashindwi kutuonya kwa kinywa cha mchungaji wa Kibaptisti mwenye madeni. Amri ya Nane yatukataza kushuhudia uongo. Haituruhusu kuukataa ukweli kwa sababu ya mdomo uliousema.

Historia nayo imekwisha kutoa hukumu. Williams alikufa tarehe 2 Agosti 1891 huko Blackpool, Uingereza, kwa kifua kikuu, akiwa na miaka 41. Maadui zake wakapumua. Lakini baada ya mwaka 1900 mwandishi mwingine wa magazeti, Edmund Morel, alianza kupiga kelele juu ya Kongo, na mwaka 1904 balozi Roger Casement akatoa ripoti yake. Hapo Mfalme mwenyewe alilazimika kuteua waamuzi watatu waende kuchunguza, Mbelgiji, Mwitaliano na Mswisi. Ripoti yao ya mwaka 1905 ilithibitisha maovu mengi. Mwaka 1906 Padri Arthur Vermeersch, Mjesuiti wa Ubelgiji, alitoa kitabu kizima kuilaumu serikali ile kwa misingi ya maadili ya Kikristu. Mwaka 1908 Mfalme akalazimika kuiachia Ubelgiji nchi ya Kongo. Tume aliyoiomba Williams mwaka 1890 ilikuja, ila ilichelewa miaka 14, na haikuwa ya mataifa kama alivyotaka. Nani atawahesabu waliokufa katika miaka hiyo 14?

Msomaji mwingine ataniuliza hivi: Je, Kanisa halikufanya kitu? Lilifanya, na haki itajwe. Mwaka 1888 Baba Mtakatifu Leo XIII alitoa waraka In Plurimis juu ya utumwa, na mwaka uo huo Kardinali Lavigerie, mwasisi wa Mapadri Weupe, alihubiri Paris, London na Brussels akiwaamsha watu juu ya misafara ya watumwa. Novemba 1890, miezi minne baada ya barua ya Williams, Papa aliagiza sadaka ya kila mwaka, siku ya Epifania, kwa ajili ya kazi hiyo. Adrien Atiman, mtoto aliyekombolewa utumwani na Mapadri Weupe, alisomea uganga huko Malta, akawatibu watu pwani ya Ziwa Tanganyika mpaka kufa kwake mwaka 1956, naye alikuwa katekista. Hayo si madogo.

Lakini hotuba za Kardinali zilimtazama mfanya biashara Mwarabu. Hazikumtazama afisa wa Mfalme. Tena Julai ile ile ya 1890 Mfalme alitoa amri kwamba watoto waliokombolewa katika misafara, pamoja na wale walioachwa, wawe chini ya ulezi wa serikali. Wakakusanywa katika makambi ya watoto, mapadri wakawafundisha dini, na wavulana wengi wakatengenezwa kuwa askari. Wengine hawakufika, walikufa njiani. Mtoto aliyetolewa mkononi mwa mwuza watumwa akatiwa mkononi mwa jeshi, je, amekombolewa? Padri aliyembatiza alimtakia mema, hatuna shaka. Ila mwenye kambi alikuwa na hesabu zake. Basi tujifunze kwamba wema wa mtu mmoja waweza kutumiwa kuwa pazia la uovu wa mwingine. Hata Kiswahili hiki tunachokiandika kilikuja Kongo katika njia zile zile, pamoja na misafara ya Tippu Tip, aliyefanywa liwali wa Stanley Falls na Mfalme Leopold mwaka 1887. Leo twasali kwa Kiswahili. Kilichofungwa mnyororo chaweza kufunguliwa na kutumika vema.

Turudi kwetu. Vitshumbi ni kijiji cha wavuvi, kando ya Ziwa Edward, ndani ya Hifadhi ya Virunga. Wote wajua taabu za barabara za Rutshuru, watu wanavyotekwa njiani na jamaa kutakiwa fedha. Wote wajua kwamba vijana, hata watoto, wameingizwa katika makundi yenye silaha. Na kila penye njaa na vita hufika mtu mwenye simu nzuri na maneno matamu, akitafuta wasichana wa kazi za nyumbani, au vijana wa machimboni, au wasafiri wa nchi za mbali. Si kila anayetafuta wafanyakazi ni mwovu. Lakini sasa tunacho kipimo, tumekipata katika maisha ya Williams. Tumwulize: Umekwenda mwenyewe? Umeona mahali watu wanapolala? Karatasi hii imeandikwa kwa lugha gani, na nani atatusomea kabla hatujatia kidole? Nani anakulipa wewe, na kwa kila kichwa ni kiasi gani? Akikasirika kwa maswali hayo, amekwisha kujibu.

Na mwandishi, au mtangazaji wa redio, au jirani tu, akituletea habari ya mtu aliyeuzwa, tumpime kwa barua ile. Wapi? Siku gani? Nani ameona, na nani amesikia tu? Nani amepata faida? Aliyechukuliwa anaitwa nani? Maswali haya ni magumu kuliko kuuliza kabila na dini, maana yakijibiwa yatatudai kazi. Tangu Desemba 2022 nchi yetu ina sheria iliyotiwa katika Kanuni ya Adhabu, inayoutaja usafirishaji wa watu kuwa kosa na kuweka adhabu zake. Sheria bila mashahidi ni wavu uliotundikwa ukutani, hauvui kitu. Shahidi naye hatatokea kama ajua kwamba atakayefanyiwa uchunguzi wa kwanza ni yeye. Pengine twasema: lakini kusema ni hatari. Ni kweli, na hatumlazimishi mnyonge ajitoe mhanga. Ndiyo maana neno la namna hiyo halifai kubebwa na mtu mmoja. Lichukuliwe na jumuiya, lifikishwe kwa Padri na kwa wale wenye kazi hiyo, likiwa limepangwa vizuri, siku kwa siku, jina kwa jina.

Kanisa limeweka tarehe 8 Februari, sikukuu ya Mtakatifu Bakhita, kuwa siku ya kusali kwa ajili ya waliouzwa, nayo yaadhimishwa hivyo tangu mwaka 2015. Ni vema siku hiyo katika Misa tuwataje kwa majina wale wa kwetu wasiorudi. Barua ya mwaka 1890 haikuweza kutaja majina ya watu wake. Sisi twayajua ya kwetu.

Basi hukumu yetu juu ya maandishi haya ni ipi? Barua ya Bwana Williams si kazi isiyo na doa, na mwandishi wake si mtakatifu. Ila ni kazi ya mtu aliyeulizwa swali na vijana, akaona aibu kulijibu kwa uongo, akavuka bahari kutafuta jibu, na jibu lilipokuwa baya hakulificha, ingawa lilimpotezea kazi na urafiki wa mfalme. Kaburi lake huko Blackpool lilikaa miaka mingi bila jiwe la kumfaa, mpaka Profesa Franklin alipomwekea jiwe mwaka 1975, akaandikisha juu yake kwamba hapa amelala mwanahistoria. Waliouliza yeye ni nani wamejibiwa hivyo. Swali la pili, kwamba watu wanauzwa au hawauzwi, lilijibiwa mwaka 1905 na waamuzi aliowachagua Mfalme mwenyewe. Kwetu sisi swali hilo la pili lingali linaulizwa, na wajibu wa kulijibu ni wetu.